Sindano za Dada na Protini za Kifo

Dada yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Mtu wa Bagamoyo mjini akiwa na harusi, hitima au maulidi, na akataka pilau la watu mia tatu lisiloungua chini wala kuwa mashendea juu, alikuja kwetu kumtafuta. Amenizidi miaka kumi na minne. Mama yetu alipofariki nilikuwa darasa la pili, na tangu hapo yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanipeleka madrasa, akanisimamia mpaka nikafika chuo kikuu. Mpaka leo nikiingia kwake naanza na shikamoo, naye huitikia marahaba bila kutoa macho kwenye sufuria.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya upande wa Makurunge. Kabla ya ualimu nilikaa zaidi ya miaka miwili katika maabara moja Dar es Salaam, nikisomea shahada ya pili ambayo sikuimaliza.

Kazi yangu huko ilikuwa kutazama seli zinavyokufa. Watu hudhani seli hufa kama taa inavyozimika upepo ukivuma. Sivyo. Seli nyingi mwilini hufa kwa amri. Ndani yake zimo protini zenye kazi ya kuamrisha kifo, na zimo nyingine, walinzi, zenye kazi ya kuwashika mkono hao waamrishaji. Zote hutengenezwa kila siku na zote huvunjwa kila siku. Seli huzibandika alama zile isizozitaka, kisha mashine ndogo yenye umbo la pipa huzimeza na kuzikatakata. Kwa hiyo mara nyingi jambo linaloamua kama seli itaishi au itakufa si protini gani imetengenezwa, ni ipi imeachwa idumu.

Mimi nilipewa mlinzi mmoja. Alikuwa hadumu hata muda wa mechi ya mpira. Akitengenezwa tu, anasombwa kupelekwa kwenye pipa. Swali langu lilikuwa rahisi kulisema. Tukiiziba ile mashine isivunje kitu, mlinzi ataongezeka seli ipone, au waamrishaji kifo nao wataongezeka seli ife?

Jibu nililolipata ni kwamba inategemea. Wiki moja seli zangu zilikufa zote. Wiki iliyofuata, dawa ile ile, kipimo kile kile, nusu yake zilibaki zimeng'ang'ania sahani zikiendelea na maisha yao. Kisha umeme ukakatika siku mbili, friza ikayeyuka, na sampuli zangu za miezi minne zikaharibika, maana protini ukiiacha kwenye joto huoza kama samaki. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema aliyechoka kuliko mimi. Aliniambia, "Nenda nyumbani ukapumzike kidogo." Nikarudi Bagamoyo, nikapumzika, sikwenda tena.

Maumivu ya dada yalianza mgongoni. Yeye mwenyewe aliyasingizia masufuria, na sisi sote tukamwamini, kwa sababu nani anainama juu ya moto miaka thelathini asiumwe mgongo? Nilimkanda kwa mafuta ya mkarafuu. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu. Akawa anakonda, tukasema ni hasira za mume aliyeoa mke wa pili Tanga na kuhamia huko.

Siku iliyotufumbua macho ilikuwa ya harusi Saadani. Bwana harusi alikuwa askari wa hifadhi, na kwao walitaka pilau la mjini. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamsindikiza dada ili nimmenyee vitunguu. Wakati wa kuepua sufuria kubwa, yeye alishika sikio moja na mama mmoja wa pale akashika la pili. Walipoinua tu, nilisikia mlio mkavu kama wa ukuni. Nilidhani ni ukuni kweli. Dada hakuliachia lile sikio. Alitembea na sufuria mpaka ilipokaa mchangani, ndipo akanigeukia.

"Kuna kitu kimevunjika," alisema.

"Wapi?"

"Ubavuni. Nipe kiti, na uwaambie wapunguze makaa kwenye sufuria ya pili."

Aliketi pale, mkono ubavuni, akatoa amri mpaka watu wakala na kushiba. Mimi nililia nyuma ya jiko, halafu nikarudi kupakua.

Picha ya hospitali ilionyesha mbavu mbili zimevunjika. Vilevile ilionyesha matundu kwenye mifupa ya mgongo, madogo madogo, kama ubao ulioingiwa na dumuzi. Tukaelekezwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Huko walimchukua damu, wakamchoma sindano nene nyongani kuvuta uboho, na baada ya wiki mbili za kungoja tukaketi mbele ya daktari, mwanamke wa makamo aliyesema polepole.

"Mama," alimwambia dada, "ndani ya mifupa yako kuna seli zinazotengeneza kinga ya mwili. Aina moja ya seli hizo imezaana kupita kiasi na haitaki kufa. Ndiyo inayokula mifupa. Ni saratani ya uboho."

Dada akauliza kama inaambukiza. Akaambiwa hapana. Akauliza kama bado anaweza kupika. Daktari akasema tutaona, akaanza kuandika dawa.

Nilisoma jina la ile dawa kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa meza. Ndiyo ile. Dawa niliyokuwa nikiidondosha kwenye sahani zangu, tone kwa tone, ya kuziba mashine ya kuvunja protini.

"Unaifahamu?" daktari aliniuliza.

"Niliwahi kuitumia."

"Kwa mgonjwa?"

"Kwa seli. Maabara."

"Basi utanisaidia kumweleza mama."

Alinikabidhi pia karatasi ya maelekezo, kurasa mbili, mambo ya kufanya na ya kuepuka. Niliikunja nikaitia kwenye mkoba. Niliipitisha macho jioni ile, kwa haraka, kama mwalimu anavyopitia somo alilolifundisha miaka kumi.

Sindano ilikuwa kila Alhamisi, chini ya ngozi ya tumbo. Mkuu wa shule alinipa ruhusa kwa sharti kwamba vipindi vya Alhamisi nivilipe Jumamosi, kwa hiyo kuanzia hapo sikuwa na Jumamosi tena. Alhamisi tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukapanda basi, dada kiti cha dirishani na mto mdogo nyuma ya mgongo. Tukifika tunapima damu, tunangoja majibu, tunamwona daktari, tunangoja dawa ichanganywe, anachomwa, tunarudi. Sindano yenyewe ilikuwa ya sekunde chache. Siku nzima ilikwenda kwenye kungoja.

Alhamisi ya pili, tukiwa kwenye benchi, dada aliniuliza, "Hebu nambie, hii dawa inawauaje hao wadudu?"

"Si wadudu, dada. Ni seli zako mwenyewe. Na dawa haiziui."

"Sasa tunakuja kufanya nini?"

"Inazizuia kusafisha. Seli yoyote inatengeneza vitu na inatupa vitu. Hizi zako zinatengeneza kinga kwa fujo, usiku na mchana, na nyingi zinatoka mbovu, kwa hiyo taka zake ni nyingi kuliko za seli nyingine. Dawa inaziba pale pa kutupia."

Alifikiri kidogo. "Kama jiko la shughuli, utumbo wa mbuzi na magamba yasitolewe siku tatu."

"Hivyo hivyo. Na humo kwenye taka zimo protini za kuamrisha kifo. Siku zote seli inazivunja mapema, kabla hazijawa nyingi. Zisipovunjwa zinajazana, mpaka inafika siku seli haina budi kutii."

"Na zile seli zangu nzima? Zenyewe hazitupi taka?"

"Zinatupa. Lakini zake chache, zinaweza kuvumilia."

"Zote?"

Nilikumbuka sahani zangu, zile seli nusu zilizobaki zimeng'ang'ania. "Nyingi," nilisema.

"Kumbe hamjui," alisema dada, bila ubaya, akafumba macho.

Niliwaza neno lake njia nzima ya kurudi. Kweli hatukujua. Dawa ilipoziba mashine, mlinzi naye alidumu, si waamrishaji kifo peke yao. Wote walirundikana ndani ya seli moja, wanaosema kufa na wanaosema ishi, na nani atashinda ilikuwa kama kura. Sikumwambia hilo. Mgonjwa anahitaji kitu cha kushika.

Vidonge vya chai ya kijani nilivisikia kwanza ofisini kwa walimu. Mwenzangu wa somo la jiografia alisema shangazi yake alipona uvimbe kwa vidonge vile pamoja na vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji. Mtu mwingine akadakia kwamba amesoma kwenye simu. Nami nilikumbuka kwamba hata maabara kwetu watu waliipenda chai hiyo, waliisifu kwamba inazuia saratani. Nikavinunua. Kila asubuhi dada alimeza viwili pamoja na glasi ya vitamini yenye povu, na Alhamisi nilimwongezea, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku aliyorudi hoi.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwuliza daktari. Nadhani ni kwa sababu sindano ilikuwa yao. Walioichanganya, walioichoma, walioijua walikuwa wao. Mimi nilitaka kuwa na kitu changu cha kumpa.

Mwezi wa kwanza vipimo vya ugonjwa vilishuka kidogo, kama tulivyotaka. Wa pili vilisimama. Wa tatu vilisimama palepale. Ramadhani ikaingia, daktari akamkataza kufunga, na hilo lilimwuma dada kuliko mifupa. Alikula chumbani mlango umefungwa, akiona haya, wakati watu wote wa nyumba za jirani wamefunga. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Tukaambiwa ni dawa, kwamba mishipa ya fahamu nayo ni mirefu na ina taka zake za kusafirisha. Mimi nilianza kusinzia darasani, nimesimama, chaki mkononi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walinivumilia. Mmoja aliwahi kuniletea kiti akakiweka nyuma yangu bila kusema neno.

Mwezi wa nne daktari alilaza kalamu mezani. "Nilitarajia zaidi ya hivi," alisema. "Mama, kuna kitu kingine unatumia? Mitishamba, dawa za kienyeji, michanganyiko ya asali?"

"Hapana, daktari," dada alisema kwa fahari. "Huyu mdogo wangu mwalimu wa sayansi. Mitishamba haikanyagi kwangu."

Muuguzi akaingia kumchukua akapimwe presha. Tukabaki wawili. Nilitazama viatu vyangu.

"Nampa vidonge vya chai ya kijani," nilisema. "Na vitamini C. Nyingi."

Daktari hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Aliuliza tangu lini, mara ngapi kwa siku, kama na siku za sindano pia. Nikajibu. Akanieleza kwamba ile dawa ina sehemu moja ambayo ndiyo mkono wake wa kuishikia mashine, na kwamba kile kilichomo kwenye chai, na vitamini C nayo, huudaka ule mkono kwanza. Dawa inafika imeshikwa tayari. Mashine inaendelea kuvunja, protini za kifo zinaendelea kusombwa, seli zinastarehe.

"Hayo yameonekana maabara na kwa wanyama," alisema. "Kwa binadamu hatuna hakika ya kutosha. Ila tunakataza. Imeandikwa kwenye ile karatasi."

"Imeandikwa?"

"Ukurasa wa pili."

Nilikuwa nayo bado mkobani, imekunjwa vilevile. Sikuifungua mbele yake.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" aliuliza.

"Mimi."

Kwenye basi dada alilala. Ijumaa nilisema nitamwambia baada ya swala, wakaja wageni. Jumamosi nilikuwa na vipindi vya kulipa. Jumapili asubuhi nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Nikakaa chini. "Dada, vile vidonge vya kijani nilivyokupa, na ile vitamini. Vilikuwa vinaizuia dawa."

Aliendelea kuchambua. "Inazuiwaje?"

"Vinaishika kabla haijafika inapokwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili ya sindano. Daktari hana hakika. Lakini huenda sindano zote zile..."

"Zote."

"Huenda."

Alitoa kijiwe kwenye mchele akakiweka kando ya mkeka. "Na vidole vyangu vinavyokufa ganzi? Hivyo navyo ni vya nini, kama dawa haikufika?"

Alikung'uta ungo, mchele ukaruka na kutua.

"Ulinipa kwa nia gani?"

"Kwa nia njema, dada. Wallahi."

"Najua. Basi, yameisha."

Hayakuisha. Hakunisema tena, wala kwa watu wengine hakunisema. Lakini kuanzia siku ile kila nilichompa alikitaka na boksi lake. Hasomi maandishi madogo, macho hayamruhusu, hata hivyo aliligeuza boksi huku na huku, akaniuliza, "Hii umeuliza?" Nikisema nimeuliza, anauliza, "Umemwuliza nani?" Hata chai alianza kujipikia mwenyewe. Nikimkuta na kikombe, ananiambia ni tangawizi tu, kama mtu anayejitetea. Miezi ile ilinichosha kwa namna ambayo safari za Dar hazikuwahi kunichosha. Nilikuwa naingia kwa mtu aliyenilea nikiwa nimebeba paketi ya panadol kama shahidi anayeingia mahakamani.

Vipimo vilishuka. Mwezi wa kwanza baada ya kuacha vile vidonge vilishuka kidogo, wa pili vikashuka sana. Nilimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya chai. Alisema hawezi kujua, kwa kuwa wakati huohuo alimwongezea dada kidonge kingine cha kusaidiana na sindano. "Hatutajua," alisema. Nilitamani aseme ndiyo, nihukumiwe yaishe, au aseme hapana. Nimebaki na hilo.

Dawa ilipoanza kufanya kazi, ilifanya kazi zote. Ganzi ilipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Usiku miguu ilimwaka moto, mchana haikuhisi kitu. Alikuwa amerudi kupika kidogo, shughuli ndogo za mtaani, nami nilimkataza bila kusikilizwa. Adhuhuri moja, kwenye hitima ya jirani, kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye jiko likaingia kwenye ndala yake, chini ya unyayo. Alisimama juu yake akikoroga. Mtu mmoja ndiye aliyesema, "Nani anachoma ngozi?" Dada mwenyewe alitazama huku na huku kumtafuta anayechoma ngozi.

Nilimsafisha kidonda nyumbani. Kilikuwa kikubwa kama kifuniko cha chupa, kimechimbika, na yeye alikuwa akikitazama kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

"Sikusikia kitu," alisema. "Hata joto."

"Nyamaza kwanza nimalize."

"Mimi nataka kuacha sindano."

Niliacha pamba hewani. "Vipimo vinashuka, dada. Ndiyo kwanza vimeanza kushuka."

"Vinashuka kwenye karatasi. Mimi nasimama juu ya moto sijui." Sauti yake haikupanda. "Uliniambia zile seli nyingine zitavumilia. Hizi za miguu hazikuvumilia."

"Nilisema nyingi."

"Ulisema nyingi," alikubali. "Sasa mimi nimeangukia kwenye hizo chache."

Nilimwomba. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia, kwamba sina mama mwingine, kwamba nimekwisha kumpotezea miezi minne na sitaki kumpoteza yeye. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akasema tutakwenda Alhamisi, naye atasema na daktari mwenyewe, na mimi nitakaa nje.

Nilikaa nje. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikaa kwenye lile benchi nikiutazama mlango, nikagundua kwamba miezi yote hiyo sikuwahi kuona rangi yake. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi, akanikabidhi.

"Soma," alisema. "Kurasa zote."

Walikuwa wamekubaliana kipimo cha dawa kipunguzwe, na sindano ziwe wiki moja ndiyo, wiki moja hapana, mpaka mizunguko ya tiba iliyopangwa iishe. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba huenda saratani isibanwe sana kama ingebanwa kwa dawa kamili. Dada alichagua hivyo. Nilisoma kurasa zote mbili nimesimama, nikamrudishia.

Ukweli ni kwamba ilibanwa vya kutosha. Haikuisha, aina hii haiishi, hulala. Mzunguko wa mwisho ulipokamilika daktari alisema sasa ni kupima kila baada ya miezi mitatu na kungoja. Vidole vya miguu havikurudi. Kidonda kilipona kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona kidonda kikipona. Dada anavaa viatu vya kufunika hata ndani ya nyumba, na kila jioni anatazama nyayo zake kwa kioo kidogo, zamu moja kulia, zamu moja kushoto, kwa sababu macho yake ndiyo yanayomwambia mguu umekanyaga nini. Anapika ameketi. Shughuli kubwa wamechukua wengine, na baadhi yao huja kumwuliza viungo, naye huwaambia vyote isipokuwa kimoja.

Nami nimerudi kufundisha Alhamisi. Mada ya seli ilipofika, nilifundisha kama ilivyo kitabuni: seli huzaliwa, hukua, hufa. Mwanafunzi mmoja aliuliza seli inajuaje wakati wake umefika. Nilifungua kinywa nikaona maelezo yote yakija, alama, pipa, walinzi, na nikachoka kabla sijaanza. Nilimwambia tutalijadili kipindi kijacho. Nililijadili kweli, lakini si siku ile.

Alhamisi ya mwezi uliopita niliamka gizani, nikaoga, nikaswali, nikavaa, nikachukua mkoba na ule mto mdogo wa mgongoni. Nilifika mlangoni kwa dada, nikabisha hodi. Alifungua akiwa na kanga ya kulalia.

"Umefuata nini saa hizi?"

"Leo Alhamisi."

Alinitazama, akautazama mto. "Hakuna sindano, mwanangu. Zimeisha tangu mwezi wa tatu mwaka huu."

Nilisimama pale. Najua zimeisha, mimi ndiye niliyetia alama kwenye kalenda. Sikuweza kueleza miguu yangu ilikuwa imenileta vipi. Dada alinivuta mkono akaniingiza ndani, akanikalisha kitandani kwake, akaninyang'anya mkoba.

"Lala."

"Nina kipindi saa mbili."

"Lala nimekwambia."

Nilidhani nitajinyoosha dakika tano. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limefika dirisha la magharibi, na nyumba ilinukia vitunguu vinavyokaangwa. Nilikurupuka. Dada alikuwa jikoni kwenye kiti chake, viatu vya kufunika miguuni, mwiko mkononi.

"Saa ngapi? Shule!"

"Nimempigia mkuu wako. Nimemwambia unaumwa."

"Dada, siumwi."

"Nyamaza ule," alisema, akanisogezea sahani.